Udi, uvumba na manemane: Jua unachokifukiza nyumbani kwako

Timu ikitaka ubingwa, tunaambiwa inautafuta kwa udi na uvumba. Mgombea anautaka ubunge kwa udi na uvumba, na mama anamsomesha mwanawe kwa udi na uvumba. Msemo huu uko midomoni mwetu kila siku, lakini mwombe mtu wa mjini akuoneshe udi ni upi na uvumba ni upi, wengi watababaika. Wapo watakaokuonesha vijiti vya kuchoma vya kwenye pakiti, ambavyo mara nyingi si udi wala uvumba, ni unga wa mbao uliochovywa kwenye manukato ya kiwandani.

Kama hili lingekuwa suala la lugha tu, tungeliacha kwa walimu wa Kiswahili. Lakini vitu hivi vinanunuliwa kwa fedha nyingi kila inapokaribia harusi au sikukuu, moshi wake unaingia kwenye mapafu ya watoto wetu, na miti inayovitoa inazidi kupungua. Kwa hiyo si vibaya mwenye nyumba akijua kilichomo ndani ya chetezo chake.

Jeraha la mti

Uvumba, kwa maana wanayoijua wengi, ndio ubani. Ni utomvu wa miti ambayo wataalamu huiita Boswellia. Neno ubani limetokana na luban la Kiarabu, na luban ina undugu na neno la maziwa, kwa sababu utomvu huo unapochuruzika huwa mweupe.

Mti hautoi utomvu kwa kutufurahisha sisi. Hutoa ili kuziba kidonda, kama damu inavyoganda mtu akijikata. Katika milima ya Dhofar, kusini mwa Oman, mvunaji hukwangua gamba kwa kisu maalumu, huacha matone yakauke kwa wiki moja hadi mbili, kisha hurudi kuyabandua na kukwangua tena palepale. Mkupuo wa kwanza hauna thamani kubwa. Unaosubiriwa ni wa baadaye. Daraja linaloitwa hojari, lenye weupe unaoelekea ukijani na linalopitisha mwanga, ndilo ghali, na wenye ndugu Muscat wanajua jinsi kifuko kidogo cha hojari kinavyopokelewa nyumbani kwa heshima. Mwaka 2000, UNESCO iliiweka ardhi hiyo ya ubani, pamoja na mabaki ya bandari zake za kale, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Lakini si lazima uende mpaka Arabuni. Kaskazini mwa Somalia kuna ubani unaoitwa maydi, ambao watu huutafuna kama bazoka. Ethiopia inatoa ubani mwingi unaochomwa makanisani duniani. Hapa jirani, katika nyika za Samburu, Marsabit, Isiolo na Wajir nchini Kenya, upo mti wa jamii hiyohiyo ambao utomvu wake mara nyingi huokotwa ukiwa umejitokeza wenyewe bila kuchanjwa. Wanaouokota ni wafugaji, wengi wao wanawake, na mara nyingi fedha yake ndiyo inayonunua unga wakati mifugo imekonda kwa ukame.

Manemane ni ndugu wa karibu wa ubani, ila tabia zao ni tofauti. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu na ladha yake ni chungu. Jina lake la Kiarabu, murr, maana yake ndiyo hiyo, chungu. Hutoka Somalia, Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Kenya. Ukiyachoma peke yake utapata harufu nzito yenye udawadawa, ambayo si kila mtu huipenda. Wakristo wanayajua kutokana na simulizi ya mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Ukitazama ramani, zawadi mbili kati ya hizo tatu ni utomvu wa miti inayoota pande zote mbili za Bahari ya Shamu, na upande mmoja ni wa Afrika.

Udi ni kitu kingine kabisa

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Ubani na manemane ni utomvu uliotoka nje ya mti ukakauka. Udi ni mbao yenyewe, iliyolowa utomvu kwa ndani.

Mti huo, Aquilaria, huota Assam nchini India na katika nchi kama Malaysia, Indonesia, Vietnam na Laos. Ukiwa mzima, mbao yake ni nyeupe, nyepesi na haina harufu ya maana. Ukipata jeraha na kuvu wakaingia, mti hujihami kwa kutoa utomvu mzito mweusi, na sehemu hiyo ya mbao hubadilika rangi na kuwa nzito. Udi wenye utomvu mwingi sana huzama ukitupwa majini. Kwa Kiarabu 'ud ni mbao au kijiti tu, ndiyo maana ala ya nyuzi inayopigwa kwenye taarab nayo inaitwa udi.

Kwa kuwa si kila mti hupata ugonjwa huo, na ukiutazama kwa nje ni vigumu kujua, watu wamekata miti mingi mizima bila kupata kitu. Hali ilifikia pabaya kiasi kwamba tangu mwaka 2004 miti yote ya jamii ya Aquilaria iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa inataka vibali. Sehemu kubwa ya udi wa siku hizi hutoka mashambani, ambako miti hutobolewa na kupandikizwa kuvu kwa makusudi. Si udi bandia huo, ni udi wa shamba, na bei yake inapaswa kuwa ya shamba.

Kisha upo udi wetu wa Unguja, Pemba na Mombasa, ule unaopikwa jikoni. Sukari huyeyushwa kwenye sufuria, hutiwa vumbi au vipande vya udi na sandali, miski, marashi na mafuta mazuri, kila mpishi na kipimo chake, kisha mchanganyiko huachwa ugande na kukatwa vipande. Siri ya kipimo hurithishwa kwa binti, na wapo kina mama waliosomesha watoto kwa sufuria hiyo. Mimi naona aibu tunapoudharau udi huu kwa kuwa hauna jina la Kiarabu kwenye kopo. Ukipikwa na mtu anayejua, hudumu kwenye nguo kuliko vingi vya dukani.

Pwani yetu pia ilikuwa na utomvu wake wa kuuza nje. Sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi, ilichimbwa ardhini ilikokuwa imelala miaka mingi baada ya miti yenyewe kufa. Katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa wingi kutoka Unguja hadi Marekani na Ulaya. Lakini haikwenda kunukisha nyumba za huko. Walitengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi.

Ndani ya chupa ya manukato

Sasa njoo kwenye chupa iliyo juu ya meza yako ya kujipambia. Manukato hutengenezwa kwa vitu vinavyoruka hewani kwa kasi tofauti. Limau na chungwa huruka mwanzo, ndani ya dakika chache. Maua kama asumini na waridi hufuata. Vinavyobaki mpaka jioni, na wakati mwingine mpaka kesho yake kwenye kola, ni vizito: utomvu, mbao, vanila, miski. Ubani una sehemu zote mbili. Ukiupasha tu unasikia kitu kama limau na msonobari, kisha baadaye inabaki harufu tulivu ya joto.

Kwa hiyo usinunue manukato kwa kunusa kifuniko. Unachokinusa pale dukani ni robo saa ya kwanza, na muuzaji anajua hivyo. Jipake kidogo mkononi, zunguka sokoni ukamalize shughuli zako, kisha nusa tena baada ya saa mbili. Hiyo ndiyo harufu utakayoishi nayo.

Neno linalowatatiza wanunuzi kuliko yote ni ambari. Ambari ya asili hutoka tumboni mwa nyangumi aina ya kashaloti, huelea baharini miaka na kutupwa ufukweni. Mwandishi al-Masudi, katika karne ya 10, aliitaja ambari ya pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Lakini chupa ya leo iliyoandikwa "amber" kwa kawaida haina chochote cha nyangumi. Harufu hiyo tamu yenye joto hutokana na mchanganyiko wa vanila, utomvu wa kichaka kiitwacho cistus kinachoota kuzunguka bahari ya Mediterania, na benzoini, ambayo ni utomvu wa miti ya Sumatra na Laos. Benzoini yenyewe ina hadithi ya jina: Waarabu waliiita luban jawi, ubani wa Java, Wazungu wakalitafuna jina hilo mpaka likawa "benzoin". Yaani ubani wetu umejificha hata ndani ya neno hilo.

Utomvu wa cistus ulivunwa kwa namna ya ajabu katika kisiwa cha Krete. Watu walipitisha mikanda ya ngozi juu ya vichaka wakati wa jua kali ili unate, na zamani zaidi uliokotwa kwenye ndevu za mbuzi waliokula humo. Siku hizi matawi huchemshwa, hasa Hispania.

Manukato ya Kizungu yenye harufu za aina hii yaliitwa kwa muda mrefu "Oriental", yaani ya Mashariki. Guerlain walitoa Shalimar mwaka 1925 na Yves Saint Laurent wakatoa Opium mwaka 1977, zote zikisimama juu ya vanila na utomvu. Tangu mwaka 2021 baadhi ya wataalamu wameliacha jina hilo na kusema "amber", kwa hoja kwamba "Mashariki" si harufu. Oman nao walianzisha kampuni yao ya Amouage mwaka 1983, na ubani wa Dhofar ukiwa fahari yake.

Ukinunua mafuta ya uturi yasiyo na kilevi, kumbuka kwamba mengi ya harufu hizi ni meusi au ya kahawia. Tone moja kwenye kanzu nyeupe halitoki. Paka nyuma ya masikio na kwenye viwiko, acha yanywewe na ngozi, kisha vaa.

Unapouziwa mbuzi kwenye gunia

Vipande vya mbao ya kawaida huchovywa kwenye mafuta ya kiwandani na kuuzwa kama udi. Dalili ya kwanza ni rangi: udi wa kweli una mistari ya giza isiyolingana ndani ya mbao ya rangi nyepesi, ukivunja kipande unaiona mpaka katikati, wakati ule wa kuchovywa una weusi wa nje tu au umelingana kila mahali. Dalili ya pili ni harufu kabla ya moto. Udi halisi ukiwa baridi haunuki sana. Unaonukia duka zima ukiwa bado kwenye kopo umetiwa kitu. Kwenye moto, wa kweli hutokwa na povu dogo la utomvu na moshi wake hauwashi macho papo hapo.

Ubani nao huchanganywa na utomvu wa msonobari, ambao ni rahisi sana. Ukiupasha moto na chumba kikanuka kama karakana ya seremala anayepaka rangi, umeshapigwa.

Na muuzaji akikuambia udi wake ni mzuri kwa kuwa umetoka Dubai, muulize umetoka wapi kabla ya Dubai. Huko hakuna msitu wa udi.

Moshi na kifua cha mtoto

Sasa jambo ambalo linagusa familia moja kwa moja. Katika nyumba nyingi za pwani, mzazi na mtoto wake mchanga hufukizwa katika zile siku 40 za kwanza. Bibi anasisitiza, mama mkwe anasisitiza, na mama mchanga hana nguvu ya kubishana. Mila hii ina upendo ndani yake, na sitaki kuikejeli. Lakini moshi ni moshi. Uwe wa ubani wa hojari au wa taka, una chembe ndogo zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, wakati mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20, na njia zake za hewa ni nyembamba. Anayelala kwenye chumba chenye moshi anavuta sehemu kubwa kuliko anayemshikia chetezo.

Hatari nyingine haina harufu. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ambayo hulevya kabla mtu hajajua, na kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko la mkaa zisiamke. Mkaa wa chetezo ni kidogo, ni kweli, lakini chumba cha mzazi nacho huwa kidogo, na dirisha limezibwa kwa khanga ili upepo usiingie.

Njia ya kati ipo, na mabibi wengi huikubali wakielezwa kwa adabu. Mama na mtoto watoke kwanza. Nguo, shuka na chumba vifukizwe, chetezo kitolewe nje na mkaa wake, madirisha yafunguliwe mpaka moshi wote utoke, ndipo warudi. Harufu itakuwa imebaki kwenye kitambaa, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Mwenye pumu ndani ya nyumba, mkubwa au mdogo, apewe heshima hiyohiyo.

Kwa matumizi ya kila siku, punguza moto. Watu wengi hutupa ubani juu ya kaa jekundu, unawaka, unatoa wingu la kijivu na harufu ya kuungua. Utomvu unataka kupashwa, si kuunguzwa. Nyunyizia jivu jembamba juu ya kaa, subiri kidogo, kisha weka punje moja au mbili. Moshi utapungua na utashangaa harufu ilivyobadilika. Vyetezo vya umeme visivyokuwa na moto mkali hufanya kazi hiyo pia, ilimradi umeme uwepo. Yale makaa ya duara yanayowaka kwa kiberiti kimoja yametiwa kemikali ya kuyasaidia kushika moto, kwa hiyo usiweke kitu juu yake mpaka yameacha kutoa cheche na kugeuka meupe.

Kuhusu dawa, tahadhari. Mitandaoni mafuta ya ubani yanauzwa kama tiba ya saratani. Zipo asidi ndani ya utomvu wa ubani ambazo wanasayansi wanazichunguza kwa magonjwa ya uvimbe, lakini ni nzito mno, haziingii kwenye mafuta yanayopatikana kwa mvuke. Maana yake chupa unayouziwa kwa jina la asidi hizo kwa kawaida haina asidi hizo. Anayekuambia uache kliniki unywe matone anakuweka hatarini. Mjamzito naye asinywe maji ya manemane kwa ushauri wa jirani. Aulize kwanza kliniki.

Miti yenyewe

Mwaka 2019 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti juu ya miti ya ubani ya Ethiopia, Eritrea na Sudan. Zaidi ya asilimia 75 ya sehemu zilizochunguzwa hazikuwa na miti michanga, na watafiti walikadiria kwamba mavuno yangeshuka kwa nusu ndani ya miaka 20. Miti mizee inakufa, na miche inaliwa na ng'ombe au kuungua kwa moto wa nyika kabla haijasimama. Kuchanja kupita kiasi kunaongeza: mti unaojeruhiwa bila kupumzishwa hudhoofika, na hata ukitoa mbegu, nyingi hazioti.

Wavunaji wa zamani walijua hilo. Mti uliovunwa sana uliachwa msimu upone, na makovu yalihesabiwa. Bei ikipanda mjini na mvunaji akibaki analipwa kidogo kule mlimani, anayesema "tuuache upumzike" hushindwa na mwenye njaa nyumbani.

Sisi wanunuzi wa kilo moja kwa mwaka hatuuoni mlima huo. Lakini punje mbili juu ya jivu zinatosha sebule, na kopo moja la ubani safi, likifunikwa vizuri na kuwekwa mbali na jua, hukaa miaka bila kupoteza harufu. Vipande vya udi vilivyochoka juu ya mkaa navyo usivitupe: vikusanye, visage, vitafaa kwenye sufuria ya sukari.